Ukuta Usiosiribwa

Barua niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu baadaye, ofisini Ifakara, watu walipokuwa wakitafuta wa kumtupia lawama, kila mmoja alisema watu wa Lihumbe ndio waliokosea, nami nikanyamaza. Sahihi chini ya barua ilikuwa ya Bwana Nikodemu, mpangaji wa mradi, lakini maneno yalikuwa yangu: "Tunaomba uwataarifu wananchi wajiandae kuwapokea wageni siku ya Jumatano." Nilipokuwa naupiga chapa mstari huo niliupenda. Ulikuwa mfupi na wenye adabu.

Hiyo ilikuwa Juni 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimetunyeshea tangu Novemba, Mto Kilombero ukavunja kingo zake, na mbuga yote ya mpunga ikawa ziwa. Kitongoji cha Lihumbe, nyumba arobaini na mbili, kilikaa ndani ya maji siku kumi na tisa. Wataalamu walituambia kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika na maji ya namna ile hayatangoja tena miaka thelathini kabla ya kurudi. Mradi ukapata fedha za kuwahamisha watu mapema. Eneo lilikuwa limekwisha kuchaguliwa: Kilimani, mwinuko wenye nyasi nzuri, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lihumbe. Kilichobaki ni kujua nani anahamishwa na nani anabaki.

Hapo ndipo fomu ilipoingia. Nimekuwa mpima ardhi msaidizi miaka sita, nimejaza fomu za kila aina, lakini sijapata kuona iliyojiamini kama ile. Safu ya saba iliuliza: "Alama ya maji ukutani, kwa sentimita." Nyumba yenye alama ya sentimita hamsini au zaidi ilipata kiwanja Kilimani, mabati na nafasi kwenye lori. Nyumba yenye alama ya chini ya hapo, au isiyo na alama, ilibaki ilipo. Aliyeitunga fomu hiyo bila shaka anaishi mahali ambapo kuta husafishwa na mtu mwingine. Aliamini kwamba tope la mafuriko hukaa ukutani kwa utulivu likisubiri kuandikwa.

Barnaba, mwenyekiti wa kitongoji, aliisoma barua yetu kigangoni siku ya Jumapili baada ya ibada. Watu waliielewa kama mtu yeyote wa bonde lile angeielewa. Mgeni anakuja, na mgeni hapokelewi kwenye nyumba chafu. Tangu maji yapungue walikuwa wamekandika tu sehemu zilizobomoka, juujuu, ili upepo usipite, kisha wakakimbilia kuvuna mpunga kidogo ulionusurika. Sasa wanawake waliacha visu vya kuvunia shambani, wakaenda kwenye shimo la udongo mweupe, na Jumatatu na Jumanne wakasiriba. Walisiriba nje na ndani. Walisugua milango kwa mchanga.

Jumatano gari letu lilipotokeza kwenye mbuga, niliona kitongoji kizima kinang'aa. Nikajua nimefanya nini kabla dereva hajazima injini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibiana, mjane wa miaka hamsini hivi, ambaye mumewe alikuwa mvuvi. Alikuwa amewashinda wenzake wote. Ukuta ulikuwa mweupe mpaka kwenye paa, na chini ulizungukwa na mkanda wa udongo mwekundu, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, akatuletea togwa kwenye bakuli mbili zilizofunikwa. Bwana Nikodemu alikunywa, akashukuru, akauliza maji yalifika wapi. Bibiana aliweka kiganja ukutani, juu kidogo ya kiuno chake.

Bwana Nikodemu akauliza alama iko wapi.

"Nimeifuta, baba," alisema Bibiana. "Ningewapokeaje na tope lile?"

Bwana Nikodemu si mtu mbaya. Alikuwa amepewa sheria na gari la siku nne. Aliutazama ukuta kwa muda, akaandika "Hapana" kwenye safu ya saba. Bibiana alitabasamu, maana alimwona akiandika.

Nilitoa kisu nikakwangua ukuta, nikitumaini kupata mstari chini ya udongo mpya. Nilikuta udongo mpya, na ndani yake udongo mpya mwingine, kisha fito. Bibiana alinitazama nikimharibia kazi yake. Nilipogeuka tu alichota udongo mbichi akaziba jeraha lile kwa kidole gumba. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Tuliendelea hivyo mpaka jua likaelekea kuzama. Nyumba arobaini, bakuli za togwa sina hesabu, na "Hapana" arobaini. Kila mahali mkono uliwekwa ukutani, kifuani au kiunoni, na kila mahali ukuta ulikuwa msafi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Sisi tulikuja na wenyeji wakazidi kuumia, tena kwa wema wao wenyewe.

Nyumba ya arobaini na moja ilikuwa ya Theodori. Theodori ni mdogo wake Bibiana, na Lihumbe yote inamjua kwa mambo mawili: filimbi na uvivu. Nyumba yake haikuwa imeguswa tangu mafuriko. Mstari wa tope ulizunguka kuta zote nne, wa kahawia, wazi kabisa, chini yake fito zikichungulia. Theodori mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini, akatukaribisha bila kusimama. Sijawahi kuufurahia uchafu wa mtu kama nilivyoufurahia ule. Lakini giza lilikuwa linaingia na Bwana Nikodemu amechoka, akasema tutampima kesho asubuhi. Nyumba ya mwisho, ya Ngusa, ilikuwa pembeni kabisa, nayo tukaiacha.

Jioni ile, nyumbani kwa Barnaba, nilisema nililokuwa nalifikiria mchana kutwa. Maji yakituama, hutuama sawasawa. Hayana upendeleo, hayapandi kwa Bibiana yakashuka kwa jirani. Tukipata alama moja tu ya kweli, nikasema, naweza kusimamisha ile darubini ya kupimia usawa, nikaanzia kwenye alama hiyo, nikahesabu maji yalifika wapi kwenye kila nyumba, hata kama ukuta umesiribwa mara kumi. Ningehitaji siku mbili.

Barnaba, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi kwa aibu, aliuliza kwani tusichore tu mistari kwa mkaa, kwa kuwa kila mtu anajua maji yalifika wapi. Bwana Nikodemu alimjibu kwa upole kwamba akiona mstari mmoja wa kuchora atakifuta kitongoji kizima. Kisha akanigeukia mimi.

"Alama moja, Beatus," alisema. "Lakini niione kwa macho yangu, na iwe ya maji."

Tukalala tukijua tunayo. Hatukumwambia mtu mwingine. Sikuona sababu ya kumwambia mtu kwamba ukuta mchafu wa Theodori umekuwa na thamani kuliko kanisa.

Asubuhi nilibeba darubini begani, Bwana Nikodemu akabeba fimbo ya vipimo mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya hapo. Tulipokaribia kwa Theodori niliona weupe. Nilidhani nimekosea njia. Bibiana alikuwa anamalizia ukuta wa mwisho, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, na Theodori kasimama kando ameshika ndoo, ana uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Bibiana alitueleza kabla hatujauliza. Alikuwa amesikia kwamba wageni wa serikali walifika kwa mdogo wake wakamkuta vile, wakaangalia ukuta wake kwa muda mrefu, wakaondoka bila kuandika kitu. Hakupata usingizi. Mama yao alipofariki alimwachia yeye huyu kijana mikononi, alisema, na aibu ya mdogo wake ni aibu yake. Basi alfajiri akaja na udongo.

Bwana Nikodemu aliketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale nje. Ilibidi mimi ndiye nimwambie. Nilimweleza Bibiana yote: barua, safu ya saba, kwamba jana alipotabasamu lilikuwa limeandikwa "Hapana," na kwamba ukuta aliokwisha kuusiriba sasa hivi ndio ungemtoa yeye na kitongoji chote kwenye maji. Nilieleza taratibu, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyoeleza mipaka ya viwanja. Sikujua namna nyingine.

Hakulia. Aliitazama mikono yake, akaanza kubandua udongo uliokuwa unakauka, kipande kwa kipande.

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza.

Theodori alisema polepole kwamba yeye alimwambia dada yake aache, naye dada yake hakusikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Theodori alikuwa sahihi. Hakuna aliyecheka.

Ilibaki nyumba moja.

Ngusa ni Msukuma. Alikuja bondeni na ng'ombe wake miaka minane kabla, akajenga pembeni kwenye kichuguu kipana, mahali palipoinuka kidogo kuliko kwingine. Si mtu wa kigango, kwa hiyo Jumapili hakusikia barua. Maji yalikuwa yamemfikia, lakini kwa shida. Barnaba, aliyekuja nasi asubuhi ile, aliyajua haya yote, na tulipokuwa tunatembea kwenda huko alitusimulia na lingine, ambalo ramani yetu haikulijua. Kilimani, pale tulipopachagua, ndipo ng'ombe wa Ngusa wanapokula masika yote mbuga inapojaa maji. Hawana pengine. Kitongoji kikihamia Kilimani, Ngusa amekwisha. Kitongoji kisipohama, Ngusa ameokoka. Na ili kisihame, alichohitaji Ngusa ni ndoo moja ya udongo.

Nilimtazama Bwana Nikodemu. Fomu haikuwa na safu ya nyasi.

Bibiana alitufuata nyuma, hatukumwita wala kumkataza. Alikuwa bado na udongo mikononi.

Tulimkuta Paskazia, mke wa Ngusa, uani, akikanyaga udongo kwenye shimo dogo. Alikuwa ameona nyumba za wenzake zinang'aa, naye akasikia aibu ya kuwa wa mwisho. Sufuria moja ilikuwa tayari imejaa, imewekwa chini ya ukuta. Kando ya sufuria, kiasi cha kiganja kutoka ardhini, ulipita mstari mwembamba wa tope.

Ngusa alitoka zizini. Bibiana alimwamkia kwa jina la mwanawe wa kwanza, Baba Makoye, shikamoo, akapiga goti kidogo. Kisha Barnaba akaanza kueleza kwa kuzungukazunguka, na Ngusa akamkatiza kwa mkono. Habari za Kilimani alizijua tangu wiki iliyopita. Habari za kuta alikuwa amezipata sasa hivi, watoto walikimbia nazo kutoka kwa Theodori. Alimwomba mkewe atoke shimoni, na Paskazia akatoka, miguu imejaa udongo, akasimama pembeni.

Ngusa aliinama akaitazama ile sufuria. Akaigusa kwa ncha ya fimbo yake.

"Udongo huu ukipanda ukutani," alisema, akimwambia Bwana Nikodemu lakini akimtazama Bibiana, "ng'ombe wangu watakula Kilimani mpaka nife. Nalijua hilo."

Akanyoosha fimbo yake kuelekea mbugani.

"Maji yalipokuja, ndama wangu saba walikuwa chini kule. Huyu mama alikuja na mtumbwi wa marehemu mumewe. Nyumba yake imeshajaa maji, mimi nayaona kutoka hapa. Akawabeba ndama wangu wawiliwawili mpaka hapa, safari nne. Sasa mimi niseme maji hayakufika kwake?"

Akasukuma sufuria kwa mguu, ikapinduka, udongo ukamwagika mbali na ukuta.

"Pima," alisema.

Nilipima. Sentimita kumi na moja. Bwana Nikodemu alipiga magoti akasoma mwenyewe, akaandika. Nilisimamisha darubini, Ngusa akashika fimbo ya vipimo kwenye alama yake, wima kabisa, kama mtu aliyezaliwa na kazi hiyo. Kwa siku mbili tulizunguka Lihumbe yote kutoka kwenye mstari ule. Hesabu zilikubali kila kiganja kilichowekwa ukutani siku ile ya Jumatano, hakuna aliyeongeza hata kidole. Kwa Theodori mita moja na sentimita nane. Kwa Bibiana mita moja na sentimita kumi na saba. Nyumba arobaini na moja zilipita hamsini, zikaandikwa kuhama. Nyumba moja ilibaki, ile iliyotupa kipimo.

Bwana Nikodemu aliandika barua ya kuomba Ngusa afikiriwe kwa namna ya pekee. Jibu lilikuja na muhuri: mradi unashughulikia makazi, haushughulikii malisho. Nililifungua mimi, nikalisoma mara mbili, nikachukia.

Lori lilihamisha watu Septemba. Mimi ndiye niliyepigilia vigingi vya viwanja Kilimani, kila kimoja ekari moja, kwenye nyasi zilizokuwa zimeliwa vizuri na ng'ombe. Bibiana alipata namba kumi na saba. Ngusa alimtuma mwanawe Makoye na ng'ombe wakubwa kuelekea upande wa Mlimba, safari ya siku nyingi, kutafuta pa kulishia masika. Yeye na Paskazia walibaki kwenye kichuguu chao, na ndama, ambao wasingeiweza safari.

Desemba, mvua za kwanza zilipoanza, nilitumwa Kilimani na fomu nyingine. Hii iliuliza kama kiwanja kimeendelezwa, ndiyo au hapana. Kiwanja kitakachokutwa zaidi ya nusu yake haina nyumba wala shamba kilikuwa kinarudi mradini, apewe mtu mwingine. Nilianza namba moja. Watu walikuwa wamejenga na kulima hadi kwenye vigingi, mahindi yamechipua, na sikuwa na kazi ila kuandika "Ndiyo."

Kwa Bibiana nilisimama. Nyumba ilikuwa imejibana kwenye kona, ndogo, ya kukandikwa tu, alama za vidole bado zikionekana kwenye udongo. Haikuwa imesiribwa hata kidogo. Kwa mwanamke yule ilikuwa kama kumkuta bila kitenge. Sehemu nyingine yote ya ekari, nyuma ya uzio wa miti, ilikuwa nyasi ndefu, na ndani ya nyasi walikuwamo ndama. Niliwahesabu kwa mazoea. Walikuwa saba.

Nilimwamkia, akaniitikia, safari hii hakuleta togwa. Nilimuuliza kama anaijua sheria ya viwanja. Alisema anaijua, Barnaba aliisoma kigangoni, na safari hii alimwomba aisome mara mbili. Mahindi yake, alisema, kalima kwa Theodori, maana huko ardhi ilikuwa imekaa bure kama kawaida. Nilimuuliza mbona hajasiriba nyumba, na mvua ndizo hizo zinaingia.

"Nitasiriba mkishaandika," alisema.

Nilisimama na ubao wa fomu mkononi. Bwana Nikodemu hakuwapo. Wale ndama walikuwa wakikata nyasi taratibu, mmoja amekuja kunusa kigingi nilichokipigilia mwenyewe. Robo tatu ya kiwanja haikuwa nyumba wala shamba, na mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Nikaandika.

Bibiana hakutabasamu. Alinyoosha mkono, akaichukua fomu, akaifuata safu kwa kidole mpaka kwenye namba kumi na saba, akasoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza: N, D, I, Y, O. Akanirudishia.

Kisha akachukua ndoo, akaenda kuchanganya udongo.